Gari lako la umeme liko baharini. Bima je?

Ukiingia kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wanaoagiza magari kutoka Japani, swali ni moja tu: limefika wapi? Msee anatuma jina la meli, mwenzake anaifuata kwenye ramani ya simu kama mtu anayefuatilia mechi ya ugenini, mwingine anahesabu siku zilizobaki kabla itie nanga Mombasa. Gari likiwa la umeme ndio presha inazidi. Rangi imejadiliwa, jina la kupanga limeshapatikana, mahali pa kulichaji pamebishaniwa hadi saa sita usiku. Ukiuliza habari ya bima, jibu ni lile lile: "Hiyo tutaona likifika."

Mimi napinga hiyo "tutaona likifika".

Kwa gari la petroli, mtindo huo unaweza kukuvusha. Vitz ikigongwa, fundi yuko kila kona, spea ziko Kirinyaga Road, na kampuni ya bima imeshaona Vitz elfu nyingi kabla ya yako. Inajua taa ni pesa ngapi, bampa ni pesa ngapi, na injini iliyozama maji inashughulikiwaje. Gari la umeme halina historia ndefu hivyo kwetu. Sehemu yake iliyo ghali kuliko zote, betri, iko chini ya sakafu, mahali ambapo matuta yetu na mashimo yetu yanapiga kila siku. Mafundi wanaoweza kuifungua na kuipima ni wachache. Na karatasi ya bima utakayopewa mara nyingi iliandikwa kwa kufikiria injini na tangi la mafuta.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Majibu ya bima yapatikane kwa maandishi kabla hujalipia gari, au kwa uchache kabla meli haijafika. Na kampuni za bima nchini zilazimishwe kujibu swali moja kwa lugha ambayo dereva wa teksi anaelewa: betri yangu mmeikinga au hamjaikinga?

Hesabu inayotuvutia

Tuanze na haki ya gari lenyewe, maana silipigi vita. Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi iligonga Sh217. Ilishuka baadaye, lakini kwa mtu anayesaka riziki barabarani kumbukumbu ile haijatoka. Upande wa pili, stima yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Mwaka huo huo wa 2023 kulianzishwa bei maalumu ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti saa za kawaida na Sh8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo nyingine. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee nao ulipunguzwa hadi asilimia 10 kupitia Sheria ya Fedha ya 2019.

Chukua Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, gari ambalo vijana wengi wanalipigia hesabu. Kuijaza kutoka sufuri kwa Sh16 ni Sh640. Kwa Sh8 ni Sh320. Weka kodi na tozo, na ukumbuke kwamba bei hiyo inahitaji mita iliyotengwa kwa kazi hiyo, si tokeni ya nyumba. Hata ukisema kujaza kunafika Sh1,000, utatembea kilomita 200 na kitu. Gari la petroli linalokula kidogo litakunywa zaidi ya Sh2,000 kwa umbali huo. Tuseme basi kila kilomita 200 zinakuokolea Sh1,000.

Hapo ndipo watu wengi huweka kalamu chini, wanatabasamu na kuanza kutafuta mkopo. Bima hawajaiweka.

Sasa tuiweke. Tuseme gari lina thamani ya Sh1.5 milioni na umepewa bima kamili, ile ambayo mtaani tunaiita komprehensivu, kwa asilimia 4. Hiyo ni Sh60,000. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni Sh120, na mchango wa hazina ya kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, ambao ni Sh150. Malizia na stempu ya Sh40. Jumla ni Sh60,310 kwa mwaka. Ukiokoa Sh1,000 kila kilomita 200, lazima uendeshe zaidi ya kilomita 12,000 ndipo akiba yako ya mafuta ilipe bima ya mwaka mmoja.

Dereva wa teksi ya mtandaoni anazimaliza kilomita hizo kwa miezi michache. Lakini wewe unayetoka Roysambu kwenda tauni na kurudi, na Jumapili unaenda kanisani, huenda ukaumaliza mwaka mzima ndipo uzifikie. Gari bado linaweza kuwa na maana kwako. Lakini si kwa hesabu ile uliyoionyesha mbogi yako kwenye simu.

Njia ina sehemu nyingi

Watu husema "gari limewekewa bima" kana kwamba bima ni kitu kimoja kinachoanzia bandari ya Yokohama hadi mlangoni kwako Kasarani. Safari hiyo ina vipande, na kila kipande kina karatasi yake.

Kipande cha kwanza ni bahari. Tangu Februari 2025, KRA inataka mwagizaji awe na cheti cha bima ya mizigo ya baharini kutoka kampuni iliyosajiliwa Kenya ndipo mzigo uruhusiwe kutoka bandarini. Wengi hukilipia kama wanavyolipia tozo nyingine yoyote, wakala anasema kiasi, unatuma pesa, basi. Hawaisomi. Ilhali bima hizo huwa na madaraja. Kuna inayokinga karibu kila ajali ya ghafla isipokuwa yaliyotajwa, na kuna inayokinga mambo makubwa tu kama meli kuzama au kuungua. Kwa magari yaliyotumika, mara nyingi pia kuna kifungu kinachoondoa mikwaruzo na hitilafu za kimitambo au za umeme ambazo hazikuletwa na ajali. Soma tena maneno hayo: hitilafu za umeme. Kwa mtu aliyenunua gari la umeme, hicho si kifungu cha kurukwa.

Kipande cha pili ni pale bandarini na barabarani hadi Nairobi. Kwa masharti yanayotumika sana duniani, bima ya shehena inaweza kuendelea hadi mahali palipotajwa kwenye hati, lakini haipiti siku 60 baada ya mzigo kushushwa melini. Kama hati yako inataja Mombasa pekee kuwa mwisho wa safari, barabara yote ya kuja juu iko mabegani mwako. Na ukilipeleka barabarani kwa magurudumu yake mwenyewe, hilo si shehena tena, ni gari linaloendeshwa. Hapo sheria inataka bima ya barabarani tangu mita ya kwanza.

Na ni barabara ndefu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na unapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Leaf ya uniti 40 haiwezi kuimaliza safari hiyo kwa chaji moja, hata ikiwa mpya kabisa. Lazima lichajiwe njiani au lipandishwe kwenye lori la kubeba magari. Likipandishwa lori, uliza: likianguka Mtito Andei, nani analipa? Mwenye lori ana bima ya mizigo anayobeba, au bima yake ni ya lori lenyewe tu? Swali hilo linachukua dakika moja kuuliza, na likikosa kuulizwa unaweza kuishia na kesi ya miaka.

Kipande cha tatu ni nyumbani. Huko ndiko tunakoangukia kwenye mtego wa thadi pati.

Thadi pati si bima ya gari lako

Kwa sheria yetu, Sura ya 405, huwezi kuwa barabarani bila bima ya kumlinda mtu mwingine utakayemuumiza. Hiyo ndiyo thadi pati. Inamlipa aliyegongwa au jamaa zake, na fidia ya kuumia au kifo ina kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mtu. Ni bima muhimu, na cheti chake siku hizi ni cha kidijitali, askari anaweza kukihakiki. Lakini kwa gari lako mwenyewe hailipi kitu. Likiibwa, halimo. Likiungua, halimo. Ukipanda tuta vibaya na sahani ya betri ikapasuka, pambana na hali yako.

Kijana aliyemaliza pesa zote kwenye ushuru na usafirishaji hujipata mbele ya broka akiwa na elfu kumi mfukoni. Anachukua thadi pati kwa sababu ndiyo anayoimudu na anataka kuanza kazi Jumatatu. Simlaumu kwa kukosa pesa. Ninachosema ni kwamba ukosefu huo ulipangwa miezi miwili mapema, siku ile bajeti ilipoandikwa bila laini ya bima. Gari lililokuwa mwisho wa uwezo wako kabla ya bima ni gari lililo juu ya uwezo wako.

Kuna la katikati pia, bima inayoongeza moto na wizi juu ya thadi pati. Ni nafuu kuliko bima kamili. Kwa Probox kuukuu inaweza kutosha. Kwa gari la umeme inaacha nje kitu kile kile unachokiogopa zaidi, yaani kugongwa au kujikwaruza chini kiasi cha kuumiza betri.

Maswali ya betri

Mimi si broka wala si wakili. Hata chuo sikumaliza. Lakini karatasi ya bima imeandikwa ili isomwe na mteja, na mteja ni mimi na wewe. Wakati meli inakata mawimbi, wiki tatu hadi sita kutoka Japani na wakati mwingine zaidi, una muda wa kutosha kutuma barua pepe kwa kampuni tatu zikiwa na maswali haya.

Kwanza, mkisema "gari", betri imo ndani au mnaihesabu kuwa kifaa cha ziada? Kama imo, iandikwe imo.

Pili, betri ikiumizwa na ajali, nani ataikagua, na wapi? Kama fundi mwenye vifaa hayupo kwenye orodha ya gereji mnazozikubali, je, gari zima litahesabiwa limekufa kwa sababu ya kipande kisichoweza kupimwa?

Tatu, mnatofautishaje uchakavu na ajali? Hakuna bima ya kawaida inayolipia uchakavu, na hilo ni haki. Betri hupungua nguvu kwa umri, kwa joto na kwa matumizi. Ugomvi utazuka siku gari litakapogongwa na mkadiriaji aseme, "Hii betri ilikuwa imechoka kitambo." Wewe utathibitisha vipi?

Hapa kuna kazi unayoweza kuifanya mwenyewe bila kumsubiri mtu. Leaf ina vipimo vya afya ya betri kwenye dashibodi, vijistari 12 likiwa jipya, na vinaondoka kimoja kimoja kadiri betri inavyochoka. Pia kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy ambayo, ukiwa na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye gari, husoma afya hiyo kwa asilimia. Mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi kabla ya kulipa. Gari likifika, lipime tena. Tia picha hizo kwenye faili moja na ripoti ya mkadiriaji wa thamani. Usidhani cheti cha ukaguzi cha KEBS kinakutosha. Kile kinahusu mambo kama usalama wa gari barabarani na umri wake, lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Si ripoti ya daktari wa betri.

Nne, maji. Waliokuwa Nairobi Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa mafuriko. Uliza kama mafuriko yamo kwenye bima yako au ni nyongeza inayolipiwa. Uliza pia kuhusu ghasia na maandamano, maana hiyo nayo mara nyingi ni nyongeza, na miaka hii tumeona magari yakiteketezwa.

Tano, chaji. Wengi wetu tunaishi kwenye fleti. Gari litachajiwa kwa waya uliotoka dirishani ghorofa ya pili, na ekstensheni iliyonunuliwa Luthuli, kwa stima ya nyumba ambayo fundi wake wa waya hajulikani. Moto ukitokea, bima ya gari itaangalia gari. Nguo za jirani na ukuta wa landilodi ni habari nyingine. Kabla ya kutia saini, ijulikane kama kuchaji kwa soketi ya kawaida kunakubaliwa na kampuni, na landilodi awe amekubali kwa maandishi. Soketi yenye waya wake peke yake na swichi yake ya kukata stima ni gharama, lakini ni gharama ya gari, haina budi kuingia kwenye bajeti.

Mkopo unaobaki baada ya gari

Sasa tufike kwenye jambo linalonikosesha usingizi nikiona vijana wanavyochangamkia magari haya kwa mkopo wa sacco.

Sacco au benki itakulazimisha uchukue bima kamili, na jina lake litaandikwa kwenye hati. Maana yake ni kwamba gari likifa, fidia inapita kwa mkopeshaji kwanza. Hilo ni sawa, pesa ni zao. Tatizo ni kwamba bima hulipa thamani ya gari siku ile ya ajali. Hailipi deni lako.

Piga hesabu ya mfano. Gari ni Sh1.5 milioni, umekopa Sh1.3 milioni kwa miaka minne. Baada ya mwaka mmoja bado unadaiwa, tuseme, Sh1.05 milioni. Magari mapya ya umeme yenye betri kubwa zaidi yameingia sokoni, bei za zamani zimeshuka, na lako sasa lina thamani ya Sh1 milioni. Lori linakugonga Mombasa Road, gari linahesabiwa limekufa. Kampuni inatoa kile kiasi cha kwanza unachopaswa kubeba mwenyewe, tuseme Sh50,000, inabaki Sh950,000. Yote inaenda kwa sacco. Wewe umebaki bila gari, bila kazi ya gari, na deni la Sh100,000. Wadhamini wako, yule binamu na yule rafiki wa shule, simu zao zinaanza kulia.

Hii inaweza kumpata mwenye gari lolote. Lakini bei za magari ya umeme yaliyotumika hutegemea betri, na teknolojia ya betri inakimbia. Kwa hivyo pengo kati ya deni na thamani laweza kupanuka haraka. Kinga yake iko wakati wa kungoja: weka amana kubwa zaidi, fupisha mkopo, na ulizia kama kampuni inakubali thamani ya makubaliano, yaani kiasi kilichoandikwa tangu mwanzo ambacho hakitabishaniwa siku ya ajali. Wengine watakataa. Wakikataa, angalau umejua kabla ya kutia saini ya mkopo.

Usiite teksi gari la nyumbani

Kuna ujanja mmoja unaopigwa sana. Gari linawekewa bima ya matumizi binafsi kwa sababu ada yake ni ya chini, halafu linaingia kwenye programu ya teksi jioni hiyo hiyo. Watu huuita ujanja wa mjini. Mkataba wa bima unasimama juu ya kusema ukweli. Ukificha matumizi ya gari, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai lako, na ukilipa ada mwaka mzima utakuwa umelipia karatasi tu. Kwa gari la umeme hatari ni kubwa zaidi kwa sababu, kama tulivyoona, anayefaidika haraka na akiba ya mafuta ni yule wa teksi. Yaani wale wale ambao gari hili linawafaa zaidi ndio wenye kishawishi kikubwa cha kudanganya. Pata bei ya bima ya kubeba abiria mapema. Kama hesabu inakataa hapo, basi inakataa, tafuta pikipiki ya umeme au ngoja.

"Bima ni wezi"

Najua mtakachosema huko chini. Bima ni wezi, hulipa wakitaka, kampuni kadhaa zimeanguka na kuwaacha watu na vyeti visivyo na maana. Sitabisha kwamba kutoaminiana huko kumetoka hewani. Kumetoka kwa watu waliozungushwa miezi kwa miezi wakitafuta fidia. Lakini kutoamini ni sababu ya kusoma zaidi na kuuliza zaidi, si sababu ya kufumba macho na kuchagua ya bei ya chini. Anayeiona kampuni kuwa mjanja ndiye angefaa kuwa na majibu yake kwa barua pepe, yenye tarehe na jina la aliyejibu.

Upande wa kampuni nao una hoja. Watasema hawana kumbukumbu za kutosha za ajali za magari ya umeme Kenya, kwa hivyo hawajui watoze nini. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mabasi ya umeme yamekuwa Nairobi tangu 2022, na kabla yake NopeaRide iliendesha teksi za umeme jijini kuanzia 2018 hadi ilipofunga 2022. Kumbukumbu zipo mahali. Na hata pale zisipokuwepo, ukosefu wa kumbukumbu unaweza kuwa sababu ya kutoza zaidi kidogo. Hauwezi kuwa sababu ya kuacha neno "betri" nje ya hati nzima, halafu kuligundua siku ya dai.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ina uwezo wa kumaliza mchezo huu bila kungoja Bunge. Kila kampuni inayouza bima ya gari la umeme itoe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaosema: betri imo au haimo, kuchaji nyumbani kunakubaliwa kwa masharti gani, nani anakagua, na thamani inahesabiwa vipi. Ukurasa mmoja. Serikali inayowahimiza vijana waache petroli haiwezi kuwaachia wagundue masharti hayo wakiwa kando ya barabara na gari limetoa moshi.

Kwa sasa ukurasa huo haupo, kwa hivyo itabidi uudai wewe. Kama meli yako bado iko Bahari ya Hindi, una wiki kadhaa. Acha kuitazama kwenye ramani, haitakimbia zaidi kwa sababu unaitazama. Andikia kampuni tatu usiku huu, maswali matano, na uwaambie utanunua kwa atakayekujibu kwa maandishi. Na kama hujalipia gari bado, andika kwanza. Ikitokea zote tatu zimekataa kusema lolote kuhusu betri, hapo utakuwa umejua bei halisi ya gari hilo kabla halijachukua pesa zako.